Mwezi Ulipopita Chini ya Kilimia

Bugolobi, Kampala
16 Aprili 1975

Mama mpenzi,

Kabla hujasoma zaidi, nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza, barua hii iende motoni, na hata dada Pélagie asijue neno. Siitumi kwa posta. Naileta kwa mkono wa Muhamadi, dereva wa basi la Kasese.

Nakusalimu sana. Mgongo wako unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Uliniomba nikutazamie mwezi, kwa kuwa huko mlimani mawingu hayaondoki. Jumatatu jioni niliutazama. Mwezi mchanga ulipita chini ya Kilimia, karibu sana na zile nyota zilizosongamana. Kwa hesabu ya marehemu baba, mvua bado ipo, mpande maharage mara ya pili. Hilo ndilo jibu lako. Sasa sikia yaliyofuata.

Nilipanda juu ya paa la ghorofa letu na darubini aliyoiacha kabatini yule Mhindi aliyefukuzwa nchini. Jirani yangu Dawudi, dereva wa lori, akanifuata akicheka.

"Karani! Shule yote ile, na bado unatafuta maharage mbinguni?"

"Mama ndiye kanituma."

"Basi lete na mimi nimtafutie Jalia vitunguu."

Jalia ni mkewe. Nikampa darubini. Alipoacha mzaha nilijua amekiona Kilimia. "Wallahi," akasema, "miaka yote hii najua ni nyota sita. Kumbe zimejaa hivi!"

Nikaenda nyuma ya tangi la maji kujisaidia, nisamehe kukuandikia hivyo. Nikiwa huko nikasikia viatu kwenye ngazi. Wakatokea wanaume watatu, miwani myeusi usoni ingawa jua lilishazama. Mama, mwezi ulikuwa upande wa Nakasero. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Hapa mtu haelekezi hata kidole kwenye kilima kile cha ikulu, sembuse darubini.

"Wewe naangalia nini kule?"

"Mwezi, afande," akajibu Dawudi.

"Mwezi nakaa Nakasero?"

Nikasikia kofi.

"Nani mwingine iko hapa?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

Walimtia kwenye buti ya gari. Nilikuwa pale pale, nimeshika suruali yangu, na sikutoka. Darubini ni yangu. Sasa Jalia anagonga kila mlango akimuulizia mumewe. Aligonga na wangu. Nilimwambia sijui.

Mwanao,
Anselme


Bwera
26 Aprili 1975

Mwanangu Anselme,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Je, unakula? Unapata usingizi? Sisi ni wazima. Pélagie anakusalimu, naye haelewi kwa nini siku hizi siongei.

Nilianza kusoma barua yako nimesimama, nikajikuta nimekaa sakafuni. Mimi niliuliza habari za maharage! Mbegu ziko kwenye chungu, sijazigusa. Mkono hauendi.

Barua nimeichoma. Lakini ulichomwambia yule mwanamke hakichomeki. Mumewe aliulizwa kuna nani, akasema hakuna, nawe ukabaki hai. Sikulaumu kwa kujificha. Ningekuwepo ningekushika nguo usitoke. Lakini mkewe mwambie. Asizidi kugonga milango ya wasiojua. Kisha panda basi uje. Hapa mpaka ni mwendo mfupi, na wajomba zako wako ng'ambo.

Na wakitaka kujua ni nani aliyetuma mtu atazame mwezi, wape jina langu: Mbambu, mjane wa Augustin. Nitajibu mwenyewe.

Mama yako


Bugolobi, Kampala
8 Mei 1975

Mama,

Nakusalimu, na natumaini mgongo umepoa.

Nimemwambia Jalia.

"Mwezi?" akauliza.

"Mwezi."

"Mume wangu amefungwa kwa maharage ya mama yako?"

Akacheka hadi nikaogopa. Kisha akavua kandambili akanipiga nayo begani, mara moja, halafu akaniuliza kama nimekula.

Dawudi yu hai. Jalia ana binamu mwanajeshi aliyepata habari zake. Kila wakimuuliza jibu ni lile lile: mwezi. Hawamwamini. Binamu anasema akitokea mtu wa pili, mwenye kazi ya ofisini, akaeleza vilevile kwa hiari yake, huenda wakamsikiliza. "Au mtakuwa wawili mle ndani," akasema. "Mimi siapi."

Tiketi ya basi nilishakata. Nimeirudisha. Kesho Ijumaa asubuhi naenda na Jalia kwa hao waliomfunga, nikaeleze. Jina lako sitalitaja, na kwa hilo usinikasirikie.

Usije Kampala. Usiandike ofisini, wala hapa Bugolobi. Andika kwa Zubaida, shangazi yake Jalia, anayeuza chapati Kawempe. Juu ya bahasha weka jina lake tu, na umpe Muhamadi mwenyewe, si utingo wake. Ndani usiniulize lolote. Andika salamu na hali ya mvua. Nikiwepo, nitakujibu kwa mwandiko wangu. Ukiona mwandiko si wangu, mwite Pélagie akae karibu nawe kwanza, ndipo usome.

Mwanao,
Anselme