Kurudi Kundini

Rujewa

Dada Tabita,

Shikamoo. Kamwene, na wote hapo nyumbani kamwene. Mgongo unakuachia kidogo? Baridi ya Iringa naikumbuka, huku Usangu tunaiota tu. Mimi nipo. Kifua sasa kinanitangulia kila ninapokwenda. Kabla sijabisha hodi, mwenye nyumba ameshanisikia nakohoa. Vumbi la pumba limekaa humu tangu nianze kazi ya kukoboa mpunga, na daktari anasema halihami. Mashineni nimeacha.

Ujumbe wa mchungaji ulionisomea kwenye simu nimeutafakari. Nije Jumapili moja, nisimame mbele ya washarika, nitubu, nirudishwe kundini. Hapo ndipo siku yangu ikifika kengele itagongwa na nitalazwa karibu na baba. Nisipokuja, mtanifukia wenyewe, bila neno. Naona ana wasiwasi nisife Jumamosi.

Nikamkumbuka kaka Zakaria. Wewe ulikuwa kwa mumeo, hukuyaona yote. Alioa mke wa pili, akatengwa, akafa ametengwa. Baba yetu, mzee wa kanisa, alikaa kwenye kigoda mpaka kaburi likajaa. Mama alipoanzisha wimbo, baba akasema, "Nyamaza. Huyu hana wimbo." Tukamwacha kaka pale mpakani mwa shamba, kwenye mianzi, kama watu wanaoficha kitu. Tangu hapo kanisani nimekuwa naingia siku za harusi, kwa heshima ya pilau.

Sasa sikia. Wiki iliyopita amefariki jirani yangu Masanja, Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake. Hakuwa na dini ya mtu. Jeneza liko mbele, watu wanatazama viatu. Mkewe akanigeukia.

"Mzee Festo, wewe si mtoto wa kanisa? Sema chochote. Asiondoke kimya kama amefukuzwa."

"Mama, kanisa limeshanisahau."

"Na wewe umelisahau?"

Dada, sijalisahau. Nilifungua mdomo ikatoka sauti ya baba, ileile, na maneno yote ya maziko, hakuna lililorukwa. Kisha nikaanzisha ule wimbo wa mama. Ubeti wa pili ndipo nashtuka kwamba naimba Kihehe. Wasukuma wa watu wakaitikia hivyohivyo, wanaburuza, wanakosea, wanalia. Baadaye mzee mmoja akaniuliza, "Kile ndicho Kilatini?" Nikamwambia ndicho.

Kama ninaamini jinsi baba alivyoamini, hapana. Ila pale kaburini nilikuwa naongea na mtu, siyo na upepo. Tangu siku ile naomba kila asubuhi, kwa kifupi. Pumzi zenyewe za kuazima.

Basi mpe mchungaji shukrani zangu, kwa adabu. Kusimama mbele sitakuja. Nikifa nirudisheni nyumbani, mnilaze kwenye mianzi, pembeni ya kaka. Kengele wabaki nayo. Lakini wewe uimbe ule wimbo wa mama, kwa sauti, beti zote, na kaka naye asikie. Wa kwake alinyimwa.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze kunywa ulanzi anibakizie. Wasalimie wajane wa kaka, mkubwa na mdogo. Kwa kuwa hawasalimiani, mpe kila mmoja salamu zake kivyake.

Na uanze mazoezi sasa, dada. Ubeti wa tatu umekuwa ukikushinda tangu utotoni.

Mdogo wako anayekuwaza,
Festo