Bimkubwa Asitobolewe

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima huko mgodini na vumbi halijakushinda kifua. Sisi tunajikongoja. Mama anakusalimu. Bado anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila safari ni vita. Petroli imeadimika, watu wanalala kituoni siku mbili. Basi linamshusha mbali, na kile kilima cha hospitali kinammaliza.

Nina ombi, na usinune kabla hujamaliza kusoma. Gari lako la mbio limekaa uani mwaka mzima bila kazi, na gesi ipo tele. Hapa gereji tunafunga mifumo ya gesi kila siku. Daktari, mkuu wetu, yule uliyempa jina hilo mwenyewe kwa kupima injini kwa sikio, anasema injini yako itaipenda. Mtungi unakaa palepale pa tairi la akiba. Tunatoboa bomba la hewa, tunaingiza mirija, basi. Sitaligusa bila neno lako.

Dada yako

19 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika. Simu bado haishiki huku na barua zinakuja na lori la vyakula, kwa hiyo nisamehe kuchelewa.

Kwanza, gari gani? Huyo ana jina. Nilimwita Bimkubwa tangu siku ya kwanza, kwa sababu akinguruma nyumba nzima inanyamaza, na Mama mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Leo unataka kumwashia gesi kama jiko? Dada, nimepasua miamba miaka sita kwa ajili yake. Ndicho kitu pekee nilicho nacho ambacho si kazi. Gesi itamnyonya nguvu na sauti ile itakwisha. Nikija mwisho wa mwaka tutazungumza. Mpe Mama shikamoo yangu.

Mdogo wako

6 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za siku? Naandika nimesimama, nisamehe mwandiko. Nimekusikia. Lakini huku hali si nzuri. Bimkubwa amechoka kabisa. Anakoroma, anatetemeka, kile kilima hakipandi tena. Daktari amempima, anasema njia ya zamani imeziba. Inabidi atobolewe awekewe mrija mpya wa kudumu. Na unavyomjua, hakubali kuguswa bila neno lako wewe kitindamimba. Basi andika haraka. Nimechoka kubembeleza.

Dada yako

22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nakuheshimu, lakini sasa unanichosha. Nilisema hapana, na hapana yangu ni ileile. Huyo Daktari asijifanye anajua kila kitu. Bimkubwa asitobolewe. Umri umekwenda, sawa, mwacheni apumzike. Sitaki mirija wala viraka. Bora nimkute amekufa mzima kuliko anaishi na matundu.

Mpandishe juu ya matofali tairi zisiharibike, na uangalie panya wasimtafune nyaya.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Sina nguvu ya salamu leo.

Barua yako nilimsomea Mama kwa sauti, kama kawaida. Nilipofika pale pa "amekufa mzima" akasema inatosha, akageukia ukutani. Nikaikunja kwa hasira, sikuimaliza. Bimkubwa ni Mama! Tulimwita hivyo kabla hujajua hata kushika usukani. Na Daktari ni wa hospitali, si wa gereji! Siku tatu nilikulaani huku nafunga mitungi ya watu. Ya nne nikaifungua tena, nikakuta matofali na tairi. Nikacheka nikilia, wenzangu wakadhani nimevuta gesi.

Kosa ni langu pia. Ningeandika "Mama" tu, herufi nne, yasingetokea haya.

Nimemweleza, hakubali. Anasema nakufunika, kama zamani ulipokuwa ukivunja vikombe. Kusafishwa anakwenda kwa kuburutwa, na kwa njia ile ya damu iliyoziba anarudi vilevile alivyokwenda. Miguu imevimba. Mrija wa kifuani hautaki hata kuusikia. "Mwanangu amesema nipumzike," ndio wimbo wake. Mwandikie yeye mwenyewe, na usingoje posta.

Gari nimeshalitoboa. Ukitaka kununa, nuna. Siku atakayokubali sitaki kuanza kutafuta petroli.

Dada yako

17 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi, kitindamimba wako. Barua hii nimempa dereva wa lori mkononi, ameapa ataileta mpaka mlangoni.

Dada hanifuniki. Nilikuwa nasema gari, Mama. Naona aibu hata kuliandika neno hilo. Nilisoma amechoka, anakoroma, anatetemeka, na sikukufikiria wewe hata mara moja. Nilifikiria chuma. Hilo siwezi kulitengeneza kwa maneno, na silali vizuri.

Kubali wakutoboe. Waweke huo mrija, na mwingine wakitaka. Sitaki upumzike. Nataka unigombeze mpaka uchoke. Nimeomba ruhusa ya kuja, msimamizi amekataa, kesho naomba tena.

Mwanao

22 Mei

Mdogo wangu,

Hatujambo, tunahema. Naandika nimekaa ndani ya gari lako nje ya hospitali, Mama ameshaingizwa ndani, injini inapoa. Limepanda kilima bila kukwama. Sauti imepungua kidogo, sitakudanganya.

Barua yako nilimsomea mara mbili. Ya pili aliniomba mwenyewe nirudie pale pa "chuma". Kisha akasema, "Huyo ni mwanangu kweli, asingejisingizia ujinga namna hiyo," akaomba viatu. Havikuingia, miguu imejaa. Nikaanza kutafuta vingine, akanishika mkono, akasema twende hivyohivyo.

Dada yako