Gawio nono, na ndama wa dada yangu

Mjukuu wangu Tumaini,

Bwana asifiwe. Hapa Troyeville tu wazima. Mama yako amepata kazi Midrand. Mdogo wako nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, tunaishia kucheka.

Unauliza kama akiba yako ya ada ya chuo uinunulie hisa zile zenye gawio kubwa kuliko zote. Shule yangu ndogo, mwanangu, lakini ng'ombe nawajua. Nikiwa msichana kule Tukuyu, mimi na dada yangu tulinunua ng'ombe mmoja kwa kugawana: maziwa yangu, ndama wake. Kila asubuhi nilijaza ndoo, majirani wakanisifu. Siku moja dada akaja, akamwona ndama mbavu nje.

"We mdogo wangu, maziwa yote haya, ndama wangu ananyonya nini?"

Nilikuwa nikikamua hata sehemu ya ndama.

Nawe waulize wenye hisa hizo: gawio linatoka kwenye faida, au mnakamua mtaji? Bei ya hisa ikiporomoka, gawio huonekana nono ukilipima kwa bei hiyo, hata kampuni ikikonda. Ukikosa jibu, usione haya kuiacha ada benki. Mimi niliona haya kupunguza maziwa mbele ya majirani, ndiyo maana nilichelewa kumwachia ndama sehemu yake.

Nakutaja kila nikipiga magoti.

Bibi yako,
Tusekile