Risiti Iko kwa Wifi Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo siku niliyomwahidi bwana mmoja fedha. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare, na mwaka huu shule moja imenipa kazi ya sare mia mbili, nikaenda kuomba mkopo wa mashine ya pili, ofisa akanigeuzia kompyuta nijionee mwenyewe kwamba kumbukumbu zangu zina deni la miaka tisa iliyopita, eti sikulilipa, na deni lile tulilikopa kikundi cha akina mama sita tukalimaliza lote. Risiti aliitunza mweka hazina wetu, dada wa mume wangu, na mwezi uleule mume akaniacha, nikatoka na cherehani yangu tu na sijakanyaga kwao tena. Mwaka jana tulikutana kwenye foleni ya zahanati, akaniambia, "Wifi, hata salamu siku hizi unatukatia kwa mkasi?" Watu wakacheka, mimi nikatazama ukuta. Sasa huyo bwana mwenye meza nje ya duka la fotokopi anasema ana mtu wa ndani, deni litafutwa kwa siku tatu, nimpe fedha nilizoweka za vitambaa. Moyo unasita, lakini naona afadhali kumlipa yeye kuliko kubisha hodi kwa wifi. Nifanyeje?

Fundi wa Sare

Fundi, pole, na acha utoto kidogo. Bwana wa fotokopi akishapokea fedha zako, atakachofuta ni namba yako ya simu. Ungekuwa unadaiwa kweli, ningekwambia ukalipe. Lakini mlilipa, ila kuna mtu hakuandika. Hilo linasahihishwa mchana, kwa mlango wa mbele.

Nimehama mara nyingi maishani, nikaacha nyumba, vitabu na makaburi ya wazazi. Karatasi nilijifunza kuzibeba mapema, kwa sababu ofisi haikumbuki sura ya mtu. Kwa hiyo chukua nakala ya risiti, uende mlikokopa, udai barua inayosema mkopo ule umekwisha. Kisha andika pingamizi kwa kampuni inayotunza taarifa za wakopaji, uambatanishe vyote viwili, nakala yako igongwe muhuri, na uulize jibu litatoka lini. Huenda zikapita wiki kadhaa. Iombe shule ipokee sare kwa mafungu, uanze na mashine uliyo nayo.

Na wifi je? Mtu anayekuchukia hakuiti wifi miaka tisa baada ya talaka, tena mbele ya foleni nzima. Alikutania, ukamnyima jibu. Nenda Jumamosi asubuhi, umwambie, "Wifi, nimefuata ile risiti yetu, na unisamehe kwa siku ile." Kaka yake usimtaje, hayumo kwenye risiti. Akikukaribisha ndani, usisimame mlangoni kama mtu aliyeleta barua. Ingia, ukae.