Moyo Nimeuchora Tumboni

Jumamosi, mwezi wa saba, 1955. Ukungu haujainuka tangu asubuhi. Leo ni siku ya nne sijauona Meru, na mtu angeniambia kwamba mlima umehama ningemwamini bila kumwuliza umekwenda wapi.

Nimekaa mlangoni, daftari liko magotini. Mke wangu Ndeshi yuko ndani anachambua maharage. Nayasikia yanavyodondoka kwenye sufuria, moja moja, polepole.

Kesho baada ya ibada kaka zake watapanda kutoka Usa River kuja kumchukua.

Siwalaumu. Mwezi wa nne dada yao alijifungua mtoto asiyepumua, na tangu siku ile hajalia wala hajalalamika. Chakula hakigusi mpaka nimbembeleze. Ukimwuliza anaumwa wapi anajibu, "Siumwi." Wamesikia kwamba huku kwangu anakauka, na ni kweli anakauka. Wakimwambia funga mzigo atafunga, maana siku hizi hakatai kitu, na akishuka nao sioni kitakachomrudisha kwangu.

Naogopa. Niliandike hivyo hivyo.

Sasa habari ya ubao. Mimi ni fundi wa vibao, ninayeandika "Nyama Safi" na "Hapa Tunashona" juu ya maduka ya mjini Arusha. Sista wa zahanati ya misheni aliniomba nimchoree mwili wa mtu, autundike ukutani awafundishie akina mama. Akaniazima kitabu chenye picha ya mtu aliyechunwa ngozi, anatabasamu. Nilikaa nacho siku mbili, kikanikinaisha hata nyama ya kitoweo, nikakirudisha. Nikajisemea, nitachora kwa masikio. Nitakaa kwenye benchi la wagonjwa nisikilize watu wanavyoutaja mwili wao.

Hapo ndipo nilipopotea. Kiswahili sikukinyonya kwa mama. Nyumbani kwetu kilikuwa Kimeru kitupu, Kiswahili nikakikuta shuleni, kikiletwa na fimbo, na kitu cha fimbo unakiamini neno kwa neno. Mwalimu aliposema fulani ni kichwa maji, mimi nilihama dawati nisije nikalowa.

Mganga wa zahanati ni mtu wa Tanga, na maneno yake ni ya kwao. Alisema bibi mmoja amekatwa maini na mwanawe. Nikachora ini limekatwa vipande, kisu kimelala pembeni. Akasema mwingine roho yake iko juu juu, nikaichora juu ya bega, imeshika ukosi wa gauni isianguke. Binti mmoja alisema miguu imemwisha. Nikachora miguu inayoishia magotini, chini yake ukungu. Na karibu kila mama aliyeingia, mganga alitamka huku akiandika kwamba chembe cha moyo kinamwuma, naye mama ameshika tumbo.

Chembe cha moyo! Kwetu sisi tunaolima kahawa chembe ni chembe. Nikauchora moyo tumboni, mbegu moja ya kahawa, imepasuka na kutoa kijimche chekundu kinachopanda kutafuta koo.

Nilichora kwenye mbao za sanduku la chai, kwa rangi zilizobaki kwenye vibao. Kwa siku zile sikujua kama nilikuwa macho au nimelala. Nilikuwa nikitembea shambani naona migomba ina mbavu. Nilikuwa nikimwamkia mzee njiani, shikamoo, na kabla hajaitikia ninaona roho yake imekaa begani inanitazama.

Jana niliupeleka ubao zahanati. Mganga alicheka mpaka akajishikiza ukutani. "Fundi wewe! Chembe cha moyo ni hapa, kwenye hiki kishimo chini ya kifua. Nani amekwambia ni mbegu?" Wagonjwa nao wakacheka, hata waliokuwa na homa. Sista hakucheka. Aliuzunguka ubao, akasema kwao ng'ambo siku hizi wako watu wanaochora miili namna hii, kama inavyoonekana ndotoni, na watu wanapanga foleni kwenda kuitazama. Halafu akasema kwa upole kwamba ukutani kwake hawezi kuutundika. Akina mama watadhani kahawa inaota tumboni mwao.

Nikajitwika ubao kichwani, nikapanda nao nyumbani. Aibu ilinifuata njia nzima.

Lakini nikiri jambo moja hapa, maana daftari halicheki. Nilisema ni mwili wa mtu yeyote. Si kweli. Urefu ule ni wa Ndeshi, mabega yale ni ya Ndeshi. Nilikwenda kwenye benchi la watu wengine kuuliza swali ambalo nyumbani nilishindwa kulipatia jibu.

Niliacha kuandika. Sasa ni jioni, narejea.

Ndeshi alitoka kumwaga maganda, akaukuta ubao umeegemea ukuta. Akasimama. Nilitaka kuugeuza, lakini alishaufikia. Aliutazama muda mrefu sana, toka juu mpaka kwenye ukungu wa chini, akaligusa ini, akaigusa ile mbegu.

"Huyu ni mimi," alisema.

Nikaliweka daftari chini.

"Umekosea, fundi. Tumbo lilishapona." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema chumvi imezidi. "Mikono umeiweka wapi?"

Nikatazama. Kweli, yule mtu wangu hakuwa na mikono. Siku zote zile kwenye benchi hakuna aliyeitaja, nami sikuichora, wala sikugundua.

"Mkunga alinipa nimshike, kabla hawajamfunga sanda," alisema. "Alikuwa mzito. Nilidhani mtoto wa namna ile anakuwa mwepesi. Mikono ndiyo inauma. Usiku na mchana inamtafuta." Kisha akaniuliza: "Wewe ulimshika?"

Sikumshika. Waliniita mara mbili, nikasema hapa hapa nje panatosha. Niliogopa uso wake. Nilimwambia hivyo, na ni mara ya kwanza kumwambia mtu.

Nilidhani ataingia ndani aanze kufunga mzigo. Badala yake alikuja akanivuta nikasimama, akaukunja mkono wangu wa kushoto, akausogeza wa kulia chini yake. Akarekebisha kiwiko kama anavyofundishwa baba mpya. "Kichwa kilikuwa huku," alisema. "Miguu huku. Usilegeze."

Sikulegeza. Nilisimama uani na mikono mitupu, na yeye akaanza kulia, akalia mpaka jirani akatokeza uso kwenye migomba, akatutazama, akarudi zake.

Baadaye alijifuta kwa kanga. Akasema kesho nichinje yule jogoo, kaka zake wale washibe, halafu washuke wenyewe.

Bado nausikia uzito ule. Kalamu naishika kwa shida.