Mapezi Yako ya Njano, Desideri

Desideri, mdogo wangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua. Nilikurushia udongo mwenyewe pale Mollo, na upepo ukanirudishia nusu yake usoni. Nakuandikia kwa sababu nina hasira, na hasira ya mwalimu mstaafu haitulii mpaka ipate mtu wa kumfafanulia.

Kwanza habari za nyumbani. Matanga tumemaliza. Mkeo yuko Matai kwa wazazi wake, anakula kidogo na kusema kidogo zaidi. Ulezi umeanza kuiva. Na Agata, binti yako uliyemfundisha kuzamia, amekubaliwa kule Kasanga achukue nafasi yako ya kukamata samaki wa mapambo. Hapo ndipo vita ilipoanza.

Siku ya kugawa vitu vyako, dada yetu Maksimila alitandika mkeka uani. Koti lako likaenda kwa shemeji. Baiskeli ikapata mwenyewe. Kisha akainua yale mapezi ya njano ya kuzamia, uliyokutwa nayo miguuni ulipoopolewa ziwani, akatangaza, "Haya ni ya Agata. Chombo cha kazi cha baba hurithiwa na anayeshika kazi." Wazee wakaitikia. Mimi nikasimama, nikasema hapana.

"Kaka, unamnyima mtoto urithi wa baba yake?"

"Namnyima jeneza."

"Ziwa lilimtaka mtu wake. Mapezi yana kosa gani?"

Hilo ndilo nisiloweza kulimeza. Ziwa halimtaki mtu. Upepo wa kusini ukivuma mfululizo, maji husukumwa, na yakifika kwenye rasi ya mawe hubanwa yakaenda mbio, kama mto unapopita chini ya daraja jembamba. Nilikueleza, mimi niliyezamia ziwa hilo na watafiti wa samaki kabla sijarudi kushika chaki. Ukanicheka. "Kaka, wewe unazamia na vitabu, mimi nazamia na miguu." Haya. Miguu imekufikisha wapi?

Nilikuwepo dukani kwa Mzee Salum siku ulipoyaona, yamelaliana na ndoo na mipira ya kumwagilia. Uliyapima kama sisi Wafipa tunavyopima jembe. Uliyainua, ukayayumbisha mkononi, ukasema, "Mepesi haya, hayachoshi." Kwa jembe ni sawa, maana siku ya kulima ni ndefu. Lakini pezi halilimi. Pezi linasukuma maji, na pezi lisilokuchosha hata kidogo huwa linayaachia maji yapite. La kwako lilikuwa laini, tena limepasuliwa katikati kama ulimi wa nyoka. Kwenye maji yaliyotulia linateleza raha. Kwenye mkondo linapinda, na nguvu yote ya paja inaishia kulipinda tu, haikusogezi. Nilikwambia hayo palepale mbele ya mizani ya Mzee Salum. Ukanijibu, "Mwalimu, kengele imelia, watoto wameshaenda nyumbani." Mzee Salum alicheka mpaka kofia ikamwanguka.

Baada ya mazishi nilimrudia, nikamfokea mbele ya wateja. Alinisogezea kiti. "Pole sana, Mwalimu. Mimi nauza, sizamii. Lakini ya njano siagizi tena." Hata hasira yangu kwake ulininyima, maana hukuwahi kumuuliza chochote.

Kisha Agata akaja nyumbani kwangu Chanji.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kuniomba mapezi?"

"Sijaja kuomba. Nimekuja kuyachukua."

Ulimi wako huo, Desideri, umeurithisha bila mkeka. Nikamwambia sibishani naye, twende ziwani maji yaamue.

Tulikwenda na jozi tatu. Mwenye mtumbwi alitia nanga karibu na rasi, mahali mkondo unapopita, nami nikamfunga Agata kamba kiunoni na ncha nyingine nikaifunga nyuma ya mtumbwi. Akaingia majini. Mkondo ukamvuta nyuma, kamba ikakaza. Kazi yake ilikuwa moja, apige miguu kuja kwenye mtumbwi mpaka kamba ilegee.

Akaanza na ya njano. Alipiga miguu mpaka maji yakawa povu jeupe. Nikaweka kidole juu ya kamba. Ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze, na haikulegea.

Akavaa ya kwangu ya zamani, yale meusi mazito, magumu kama ubao. Kamba ililegea mara moja, akaja kwa kasi, halafu akapiga yowe, shavu la mguu limekakamaa. Nikamweleza akiwa ameshika ukingo wa mtumbwi, maana mtoto huelewa vizuri akiwa bado anaumia, kwamba pezi gumu kupita mguu wa mwenyewe nalo ni adui.

Jozi ya tatu ndiyo niliyomtafutia. Bapa pana, si refu, gumu kiasi, lenye mbavu ngumu pembeni za kulizuia lisipinde. Kisigino wazi, mkanda wa springi usiofunguka majini. Nilimjaribisha akiwa amevaa viatu vyake vya mpira vya kuzamia, siyo miguu mitupu kama ulivyojaribu wewe. Kamba ililegea, ikazama majini, naye akagusa mtumbwi. Nikamwacha aendelee kupiga palepale mpaka akachoka, na kamba ikakaza tena.

"Umeona?" nikamwambia. "Hata haya hayalishindi ziwa. Yanakupa nafasi ya kuukata mkondo kwa ubavu, ufike nyuma ya jiwe. Usipambane nao uso kwa uso."

Alipanda mtumbwini akitetemeka. Sikutegemea shukrani. Akayachukua yale ya njano, akayapakata, akauliza, "Kwa hiyo baba alikuwa anapiga miguu?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Watu wanasema alijiachia. Wanasema ziwa lilimwita, akaenda. Mimi nimepiga kwa nguvu zangu zote na kamba haikulegea." Akaifungua kiunoni, akaniwekea mapajani. "Yeye hakuwa na kamba."

Desideri. Niliikunja ile kamba mapajani, duara juu ya duara. Mwenye mtumbwi alianza kuvuta nanga bila kuambiwa.

Kumbe ulipiga miguu. Na hilo ndilo limenizidishia hasira. Ungekuwa mvivu ningekulia nikamaliza. Ulipiga kwa nguvu zako zote, nguvu za mtu aliyelima mlima wa Mollo tangu utoto, zikapitia kwenye ufa wa kitu ulichokipenda kwa wepesi wake. Umemwachia mwanao picha hiyo. Nami umeniachia.

Agata hakuyadai tena. Nimeyatundika kwenye mti katikati ya ulezi wako. Upepo ukivuma yanapigana makofi, na ndege wanakimbia. Maksimila anasema nimemfanya marehemu kinyago. Aseme. Hatimaye yamepata kazi yanayoiweza.

Sasa nakuaga. Ninakuahidi kwamba kila upepo wa kusini utakapoanza, Agata atafungwa kamba, na hatauingia mkondo kabla sijaiona ikilegea, hata kama mimi mwenyewe nitabebwa hadi mtumbwini. Ameshakubali. Alinung'unika kwanza, kama wewe, kisha akaenda kuitafuta kamba ndefu zaidi.

Kukusamehe, bado. Nikifika huko, usianze na shikamoo. Kaa chini, nikueleze habari ya mapezi toka mwanzo, na safari hii hakuna kengele.

Lala, mdogo wangu.

Kaka yako,
Kondradi