Mshenga Aliniuliza Habari za Mume Wako

Mama Kabula mwenzangu,

Kaa vizuri, leo nina maneno, na huu mkono wangu wa ngumbaru unaujua, unakwenda polepole. Mwanao anaolewa! Ng'ombe wameingia jana zizini kwa kaka yako. Lakini mwenzangu, nusura mdomo wangu uharibu.

Wewe uliniambia baba Kabula alifukiwa na udongo machimboni Geita. Siku tuliyokuzika, kaka yako pombe kichwani akasema, "Kafukiwa wapi? Yuko Bugarama na mke mwingine!" Basi likaniwasha hilo. Nikazunguka na kibakuli changu cha kuazima chumvi, unakijua, nauliza huku, nauliza kule.

Jumapili walimu wa misheni hapa Ushirombo wakatoa mchezo jukwaani. Humo mgeni kahamia kijijini na mkewe, mume anasema lake juu ya walikotoka, mke anasema lake, majirani wanachungulia mpaka kwenye nyasi za paa. Mara mwalimu mmoja katokea kajifunga kanga, kashika kibakuli! "Hodi, nimeishiwa chumvi." Watu mbavu hawana, wananifinya, "Mama Doto, mayu, si wewe huyo?" Na mimi nacheka mpaka machozi. Halafu nikamwona Kabula, benchi la mbele. Hacheki. Anang'ata pindo la kanga yako, ile ya kijani.

Mchezo ukaisha hatujaambiwa nani mkweli. Watu wanapiga kelele, "Tuambieni!" Walimu wakainama, wakaenda zao. Mimi ndiye nilipiga kelele kuliko wote.

Kesho yake akanijia mshenga wa upande wa mume, katoka Nyahanga, anachunguza ukoo. "Mama, nimeambiwa hapa hakuna usilolijua. Baba wa binti yuko wapi? Kama alimkimbia mama yake, sisi tunaacha."

Ulimi ulishafika mlangoni na neno la Bugarama, mwenzangu. Nikaikumbuka ile kanga. Nikamwambia, "Sijamwona akiwa hai, sijamwona akiwa maiti. Mama mtu nilimwona kila siku. Binti namwona tangu anatambaa. Niulize hao." Akacheka, akamaliza togwa yake.

Alivyoondoka nikapumua! Ugali nikala peke yangu chungu kizima.

Haya, lala mwenzangu. Kabula nitamfunga kanga mwenyewe siku hiyo, mahali pako. Na mimi nikija huko, hata nikikukuta peke yako, baba Kabula hayupo, sitauliza. Nitaazima chumvi tu.

Jirani yako, Mama Doto